Pesa ya Valvu

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kubana matumizi mpaka wanawe wakazoea kuisuuza chupa tupu ya mafuta kabla haijatupwa, lakini pesa ya valvu hakuwahi kuibania. Mumewe akisema tu, "Mke wangu, valvu zinataka kuangaliwa," yeye huinua mguu kwenye pedeli, huingiza mkono ndani ya kopo la vifungo alimoficha akiba, na kumtolea. Katikati ya mwezi mara moja, mwisho wa mwezi mara ya pili. Mwenye nyumba angeweza kuzungushwa, ada ingelipwa nusunusu, lakini valvu zilipata haki yake bila kuidai.

Si kwamba alizijua sana. Alichojua ni kuwa ndani ya injini ya pikipiki kuna vilango viwili vinavyofunguka na kufunga kutwa nzima, kimoja cha kuingiza hewa na mafuta, kingine cha kutoa moshi, na kwamba nafasi yake isipopimwa na kurekebishwa, siku moja injini hugoma. Mumewe ndiye aliyemweleza, na maneno yakamwingia kwa sababu hata yeye aliishi kwa mashine. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yao, na cherehani yake aliipaka mafuta hata siku ambazo kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikavu.

Basi akawa mhubiri. Jirani yao wa mlango wa pili, ambaye watu walimwita Mapengo kwa sababu ya meno ya mbele, alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria, na aliamini kwamba kukagua kitu kizima ni kukichokoza kiharibike.

"Shemeji, injini inawaka, inakwenda. Niifungue nitafute nini?"

"Utafute wewe kabla haijakutafuta."

"Hiyo pesa si bora ninywe soda?"

"Kunywa. Ikizima huko porini utaisukuma kwa nguvu za hiyo soda."

Alimwandama hivyo kila alipomwona akifuta pikipiki yake, mpaka Mapengo akaenda kwa fundi ili tu apumue. Kijiweni nao, kwa jinsi mama huyu alivyomsifu mumewe kwa matunzo, wakampa mwenzao jina la Injinia. Injinia alilipokea jina hilo kwa kucheka kidogo na kutazama pembeni, na mkewe akasema moyoni, ona, mume wangu hana makuu.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyemfanya ajisikie mwenye bahati, naye ni baba yake. Mzee alikuwa ameongoza stoo ya kampuni kwa miaka mingi, na ingawa alistaafu zamani, bado alivaa koti, bado alitembea na kalamu mfukoni, na watu bado walimwita Bwana Stoo. Kila baada ya Jumapili moja alikuja kuwatembelea, na hakuja mikono mitupu: mara kilo ya sukari, mara mche wa sabuni, biskuti za wajukuu hazikosi. Akishaketi kwenye kiti chenye mto, alimgeukia mkwewe.

"Kijana, mtu unapokwenda kwa watu, beba chochote. Mimi sijawahi kuja hapa hivihivi."

"Kweli, mzee," Injinia alijibu.

Mzee akishaondoka, binti aliushika ule mche wa sabuni kama mtu aliyepewa tuzo. "Umemwona baba? Pensheni yenyewe hata haionekani, lakini hajatusahau."

"Nimemwona," alisema Injinia, akaenda nje kufuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi.

Kazi iliyoilisha nyumba ile haikuwa ya kijiweni. Injinia alikuwa na bahati ya kupata mikate: kila alfajiri alipakia makreti kwa mama mmoja mwenye tanuri na kuyasambaza madukani kabla watu hawajaamka kunywa chai. Kazi ya mikate haina siku mbaya. Mvua ije, watu wanakula mkate. Pikipiki ilipoanza kusumbua kuwaka asubuhi, mkewe alikuwa akimsikia kutoka kitandani, anapiga kiki, anapumzika, anapiga tena, anaitukana polepole.

"Ina nini?"

"Baridi tu. Lakini umesikia ilivyotulia siku hizi? Zamani ilikuwa inagongagonga pale juu, tik, tik, tik. Sasa kimya kabisa."

"Si valvu hizo zinaangaliwa," alisema mkewe, akajifunika akiwa ameridhika.

Iligoma kwenye kilima, mikate ikiwa imejaa nyuma. Haikulipuka wala kutoa moshi. Ilipungua nguvu, ikapungua tena, kama mtu anayemaliza maneno katikati ya sentensi, ikazima. Injinia alipiga kiki mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Alipopata mkokoteni wa kumsaidia, maduka yalikwisha nunua mikate ya watu wengine, na mwenye tanuri, mama mpole kuliko wote katika biashara ile, alimwambia kwa upole wake kuwa mikate iliyorudi ni juu yake. Kisha akamwomba, kwa upole uleule, amtafutie mtu wa kushikilia kazi kesho.

Mtu aliyepatikana haraka, mwenye pikipiki inayowaka kwa kiki moja, alikuwa Mapengo.

Injinia aliisukuma pikipiki yake hadi nyumbani jua likiwa kichwani. Ilimbidi apite kijiweni; njia nyingine hakuna.

"Injinia! Leo unaitembeza ipunge hewa?"

"Iache mzee, labda valvu zimechoka kuangaliwa."

Fundi cherehani alimwona tangu mbali, jasho limechora ramani mgongoni, na hasira zake zote zikaenda kwa mtu mmoja: fundi pikipiki. Mwezi baada ya mwezi ametoa pesa kwenye kopo lake, halafu mtu anamfanyia kazi ya ovyo namna hii? Injinia alimwambia aache, atakwenda mwenyewe. Alimwambia mara nyingi kupita kiasi. Kesho yake, mume alipokwenda kumbembeleza mwenye tanuri, mke alimlipa kijana wa mkokoteni, akaipandisha pikipiki, akaenda nayo.

Gereji ilikuwa banda la mabati lenye ardhi nyeusi ya oili. Wateja walikaa kwenye ubao wakisubiri zamu. Hakuwasalimu.

"Wewe fundi, mimi ndiye ninayekulipa valvu! Pesa yangu ya vidole, nashona mpaka macho yanatoa machozi, wewe unakula na kazi hufanyi! Mikate ya watu imelala kilimani kwa sababu yako!"

Fundi alikuwa ameshika spana. Aliitazama pikipiki, akamtazama mama, akaitazama tena pikipiki.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai! Nieleze hapahapa, na hawa wasikie."

Fundi alisita. Ilionekana wazi kwamba asingependa hawa wasikie. Lakini mama alikuwa amekunja mikono, na ubao mzima ulikuwa umenyamaza.

"Basi nikwambie. Pikipiki hii naijua. Nimeibadilishia tairi, nimeiwekea mnyororo. Lakini injini yake juu, shemeji, sijawahi kuigusa. Tazama hizi bolti. Rangi ya kiwandani bado ipo. Spana haijawahi kupita hapa."

Mtu mmoja kwenye ubao alikohoa. Kikohozi hakikuwa cha kifua.

Fundi akaifungua palepale, labda kwa huruma, ili mikono yake iwe na kazi na macho ya watu yapate kitu kingine cha kutazama. Alipoitoa valvu ya moshi aliifuta kwa kitambaa, akamwonyesha. Ukingo wake ulikuwa umelika upande mmoja kama biskuti iliyong'atwa.

"Imeungua. Hii kitu inahitaji nafasi kidogo sana pale juu, upana wa karatasi. Ikifanya kazi, nafasi inazidi kupungua. Ikiisha kabisa, mlango haufungi vizuri, moto unapita pembeni unaila. Kabla haijafika hapa kelele za pale juu huisha. Mwenye pikipiki hufurahi kwamba injini imetulia."

"Na kuipima ni shilingi ngapi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Fundi alitaja bei. Haikufika robo ya zile alizokuwa akitoa.

"Kila katikati na mwisho wa mwezi?"

"Shemeji, hata ndege haikaguliwi hivyo. Mtu wa mikate kama yeye akija baada ya mwezi, hata mwezi na nusu, inatosha. Nafungua, napima, nafunga. Chai haijapoa." Aliiweka valvu kiganjani mwa mama kama mtu anayemrudishia chenji. "Watu huniuliza kupima kuna faida gani. Mimi huwaambia wakiona bei ya hii watanijibu wenyewe."

Bei ya kutengeneza ilikuwa ya kukaa chini. Safari hii alikaa.

Njiani alifikiri kitu kimoja tu, kile ambacho mwanamke yeyote angekifikiri, na kilipofika nyumbani kilikuwa kimekwisha kukomaa kikapata hadi sura na nywele. Alimkuta Injinia amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi bila kuombwa. Hiyo peke yake ilikuwa ushahidi.

"Anakaa mtaa gani?"

"Nani?"

"Huyo Valvu wako. Nataka nimjue. Amekula kwangu muda mrefu, angalau tusalimiane."

Injinia alicheka, alidhani ni utani. Kisha akaona kile alichoshika mkewe mkononi, akaacha kucheka. Kiazi kikateleza ndani ya maji.

"Umekwenda gereji."

"Nimekwenda. Nimemtukana mtu asiye na kosa mbele za watu. Nimerudi na aibu ya kunitosha mwaka. Sema. Ana watoto wangapi?"

"Si mwanamke, mke wangu."

"Ni nini? Kamari?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani? Mimi ndiye uliyeniahidi, na kulikuwa na mashahidi na soda!"

Mkewe alimkamua kama mtu anavyokamua nguo nzito, zamu hii, zamu ile, mpaka tone likatoka.

"Ni mzee."

"Mzee gani?"

"Baba yako."

Alisema kidogokidogo, macho kwenye viazi. Mzee alikuja kijiweni siku moja, akapanda nyuma kama abiria, akaelekeza njia. Walipofika mahali pasipo na watu akamwambia simama. Pensheni alikuwa ameichukua yote kwa mkupuo, akaiweka kwenye mradi wa kuku wa rafiki yake, kuku wakafa, rafiki akahama. Mwenye nyumba wake alikuwa ametishia kung'oa mlango. Alisema yote hayo akiwa bado amekaa nyuma ya pikipiki, kwa hiyo Injinia hakumwona uso.

"Akaniambia, mwanangu akijua, mimi si baba tena. Ningefanya nini? Nilidhani ni mara moja. Halafu ikawa kila mwezi, halafu mara mbili."

"Kwa hiyo ukasema valvu."

"Nilisema valvu kwa sababu hukuwahi kuzikatalia."

"Na fundi anataka robo tu! Ungeitoa hiyo robo!"

"Nilikuwa nafikiria hivyo. Lakini mzee alikuwa na hesabu zake, na ukimpunguzia anakuuliza kazi haziendi?"

Lililomjia fundi cherehani halikuwa mlango wa baba yake wala kuku. Ilikuwa sabuni. Sabuni, sukari, biskuti za Jumapili, na yeye mwenyewe akizipokea kwa kupiga goti, akimwambia mumewe, umemwona baba?

Alichukua kisu cha pili, akaanza kumenya. Walimenya viazi vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba, hata vya wiki ijayo.

Jumapili ilipofika Bwana Stoo alikuja na koti lake na nusu kilo ya sukari. Kijana alikuwa hajampelekea kitu mwisho wa mwezi, na sukari ilionyesha. Alimkuta Mapengo ameketi sebuleni. Jirani huyo alikuwa amekuja kujieleza kuhusu ile kazi ya mikate.

"Mimi sikuitafuta, shemeji. Mama wa tanuri ananiambia, wewe pikipiki yako haijawahi kunilaza, endelea tu. Nikamwambia ni huyu shemeji aliyenisukuma kupima valvu, asingekuwa yeye hata mimi ningekuwa nasukuma. Nakushukuru kwa kweli." Alishukuru kwa moyo wote, na kila neno lilichoma.

"Valvu?" aliuliza mzee.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo kitu kilichomponza Injinia. Na kinachotushangaza kijiweni, mama huyu alikuwa anatoa pesa za valvu kuliko mtu yeyote. Kila katikati ya mwezi, kila mwisho wa mwezi. Gereji wanasema hazikufika. Hatujui zilikuwa zinakwenda wapi."

Bwana Stoo aliweka kikombe chini. Aliwahi kuongoza stoo, na kitu kilichotoka bila kufika kilimwamsha kama farasi anayesikia tarumbeta.

"Kijana," alisema kwa ile sauti ya kazini, "hebu tueleze. Pesa za mwanangu, zinazotoka katikati ya mwezi na mwisho wa mwe..."

Akakwama hapo. Kalamu mfukoni mwake ilipanda na kushuka. Katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi yeye alizijua vizuri sana siku hizo.

Fundi cherehani alimtazama mumewe. Neno moja tu lingetosha, na angesafishika mbele ya jirani, mbele ya kijiwe, mbele ya mtaa mzima. Alitamani alitamke. Alimwombea alitamke.

"Nilizitumia vibaya, mzee," alisema Injinia. "Nimekosa."

Mapengo alitazama viatu vyake. Mzee alivuta pumzi, akaitoa, akashika tena kikombe. Sauti ilirudi mahali pake.

"Haya. Kijana amekiri. Mtu akikiri asamehewe. Mimi kwa upande wangu nimemsamehe."

Binti alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka. "Baba," alisema, "nikusindikize."

"Chai bado..."

"Nikusindikize."

Walitembea bega kwa bega kupita mabomba ya maji na mafundi viatu, mzee akijibu salamu za watu kwa kugusa kola. Walipopita nyumba ya mwisho, binti alisema bila kumtazama:

"Umemsamehe."

"Amekuambia."

"Nilimkamua."

Mzee alitembea hatua kadhaa. "Nilikuwa na nia ya kurudisha."

"Najua."

"Sikujua kama anachukua kwako. Nilidhani ni yake ya mikate."

"Yake na yangu zinalala kopo moja, baba. Leo mikate ameibeba Mapengo, na mimi nimekopa kwa mwenye duka la sare ili pikipiki itengenezwe. Amenipa kwa sharti kwamba nimalize mzigo wake wote kabla shule hazijafunguliwa. Mashati yamejaa mpaka mlangoni, na mikono ninayo miwili."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Unajua kushona vifungo?"

Bwana Stoo alisimama. Alimtazama mwanawe kama mtu aliyepewa risiti isiyo yake. "Mimi? Mimi nilikuwa na watu chini yangu."

"Hapa utakuwa na mashati chini yako. Jumamosi nitakulipa kama ninavyomlipa mtu yeyote. Kodi yako italipika. Na mume wangu usimsimamishe njiani tena."

Aliaga kwa kugusa kola, akaenda zake, na binti hakujua kama amempoteza baba au vipi.

Pikipiki ilipona. Ilirudi na valvu mpya na ile tik, tik, tik yake ya zamani, na Injinia alijifunza kulala nayo masikioni. Mikate haikurudi. Mwenye tanuri alisema kwa upole kuwa angemkumbuka akipanua biashara, na Injinia akarudi kijiweni kugombea abiria, ambako hawakuacha kumwita jina lile, ila sasa walilitamka kwa kulivuta. Hakuwahi kuwaambia kitu. Mkewe, siku alizokuwa na hasira za mambo mengine, alikumbuka lile neno "Nimekosa" la Jumapili ile, akampakulia mumewe zaidi.

Na Bwana Stoo alikuja. Alikuja Jumanne, na koti, akaomba kiti kiwekwe ndani kidogo, nyuma ya pazia, kwa sababu ya upepo. Vifungo vyake vya kwanza vilikaa upande kama meno ya Mapengo. Siku zilivyokwenda vikanyooka. Baadaye alisogeza kiti hadi kwenye kibaraza, akaanza kuyapanga mashati kwa saizi, kukagua mishono ya mwanawe na kuguna. Wateja walipomuuliza alisema amekuja kuwaangalia kidogo vijana, maana mali bila msimamizi hupotea.

Jumamosi moja mama mmoja alikuwa amesimama pale akimpimia mtoto shati, fundi cherehani alipofungua kopo, akatoa malipo ya wiki, akamkabidhi baba yake. Alikuwa amesahau kusubiri mteja aondoke. Mteja akageuka kutazama.

Bwana Stoo aliitazama ile pesa, akamtazama mteja. Kisha akaikunja bila kuihesabu, akaitia mfuko wa koti, nyuma ya kalamu.

"Ah, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika, "hukuwa na haja ya kuharakisha kunirudishia."

"Wengine mmejaliwa," mteja alimwambia fundi cherehani. "Umri huo, na bado mzazi anakushika mkono."

Mguu wa fundi cherehani ulikuwa juu ya pedeli. Aliuacha hapo, haukukanyaga. Mbele ya geti Injinia alikuwa akifunga helmeti, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kwa kicheko au kwa kitu kingine, kutoka pale haikujulikana.

"Asante kwa kunivumilia, baba," alisema binti.

"Si kitu. Ukikwama tena, Jumatatu asubuhi nipo."

"Nitakwama," alisema fundi cherehani, akakanyaga pedeli. "Njoo mapema."